Wifi Aliniuliza Nilimlisha Nini Kaka Yake

Wifi yangu mkubwa alishukia stendi ya Msamvu asubuhi, akapanda bodaboda hadi kwetu, akanywa maji, akampa kaka yake pole, kisha akanigeukia mbele ya mgonjwa: "Wifi, hebu niambie. Kaka yangu ulikuwa unamlisha nini?"

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Watoto wengi wa Morogoro wamejifunza kwangu kwamba mchicha huoshwa ndipo ukatwe, na kwamba dona lina kitu ambacho sembe haina. Kuniuliza nimemlisha nini mume wangu hadi akapata saratani ya tezi dume ni sawa na kuniambia nilikuwa nadanganya darasani miaka yote ile. Nilinyamaza, maana alikuwa mgeni na alikuwa na uchungu. Lakini swali lenyewe halikuwa la kipumbavu. Nusu ya waliokuja kutoa pole walikuwa nalo mdomoni, wakaona haya. Nikalichukua na kuanza kulitafutia jibu: nikisoma, nikimsumbua daktari kliniki, na yaliyonizidi nikimpelekea binti yangu Rehema, ambaye ni muuguzi.

Kwanza alichokula. Baba Rehema alikuwa dereva wa lori. Dar hadi Tunduma, anavuka Zambia, anaingia Lubumbashi, anageuza. Jikoni kwangu alikula siku za mapumziko. Siku nyingine zote alilishwa na barabara: nyama choma, chipsi mayai saa sita usiku, soda baridi za kufukuza usingizi, na kiti cha lori anachokikalia kutwa. Kitambi kilikuja polepole na watu wakampongeza nacho. Sigara aliziacha Rehema akiwa darasa la pili, siku mtoto alipokataa kukaa mapajani mwake kwa sababu ya harufu. Hili la sigara mlikumbuke, nitalirudia.

Ugonjwa wenyewe haukubisha hodi. Ana miaka 64, alikuwa anakojoa vizuri tu, anaamka mara moja usiku kama wazee wenzake. Alikwenda kwenye upimaji wa bure ili aangalie presha, wakamwambia kwa umri wake atoe na damu ya kipimo cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Ikasoma zaidi ya 40, wakati madaktari wengi huanza kuuliza maswali ikifika 4. Kikafuata kipimo cha kidole, daktari akiipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kisha vinyama vilivyochukuliwa kwa sindano kwenda maabara, na majibu yakarudi na Gleason 8, alama ya ukali wa saratani hii, maana yake seli zimeshaharibika sura na zina haraka. Mungu saidia, mifupani haikuwa imefika.

Nilimuuliza daktari inawezekanaje mtu awe na kitu kikubwa hivyo bila kusikia chochote. Akachora kwenye karatasi. Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Ule uvimbe wa kawaida wa uzeeni, usio saratani, huota sehemu ya ndani, ukaubana mrija, ndipo mzee anasimama chooni akisubiri. Saratani mara nyingi huanzia pembeni, upande wa nje, mbali na mrija, ikakaa miaka bila kumgusa mtu. Hapo ndipo wanaume wengi wanapojipoteza: mkojo unatoka, anajihesabu mzima.

Nikarudi kwenye sufuria zangu. Nilianza na nyanya, maana ndiyo niliyokuwa najitetea nayo moyoni. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard waliokuwa wakiwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa fani za afya nchini Marekani walitangaza kwamba waliokula nyanya mara nyingi, hasa zilizopikwa zikawa rojo, walipata saratani hii kwa uchache. Wakaitaja ile rangi nyekundu, laikopini, ambayo mwili huipata vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kuliko ikiwa mbichi. Sasa mchuzi wangu mimi huanza na nyanya, nazikaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria ndipo niweke kitu kingine. Nikasema basi, mimi nimetoka. Lakini nilipoendelea kusoma nikakuta Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuja kuupitia ushahidi wote, ikaona ule wa nyanya ni mdogo mno na ule wa laikopini ya vidonge haupo. Utetezi wangu ukaanguka, ila na mashtaka nayo yakaanza kulegea.

Jirani yetu mwenye mtoto Marekani akatuletea kopo la vidonge vya vitamini E. Alikuja kwa upendo, na vidonge vile si bei rahisi. Rehema akalishika lile kopo, akaligeuza, akasoma: yuniti 400. Akaniambia, "Mama, hivi ndivyo vilivyojaribiwa." Kuanzia mwaka 2001, Marekani, Kanada na Puerto Rico, wanaume zaidi ya 35,000 walipewa vitamini E, au madini ya seleniamu, au vyote viwili, au vidonge visivyo na kitu, ili ionekane kama vitakinga tezi dume. Mwaka 2008 wakasimamishwa kumeza kwa sababu hakuna kinga iliyoonekana. Walipoendelea kufuatiliwa, mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani zaidi kwa asilimia 17 kuliko waliomeza vidonge vitupu. Nilirudia kusoma sentensi ile. Kitu tunachokiita lishe, kwa kipimo kilekile kilichokuwa kwenye kopo la jirani, kiliongeza ugonjwa. Kopo bado liko kabatini, siwezi kulirudisha bila kumuumiza mwenye nalo.

Kwenye mboga nilidhani nitapata nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua wanaume 478 wenye saratani changa isiyo na haraka, waliokuwa wanaangaliwa tu bila matibabu. Nusu yao walipigiwa simu na washauri wa lishe wale mboga kwa wingi, mafungu saba au zaidi kwa siku, nyanya, karoti, jamii ya kabichi. Na kweli wakaongeza mboga. Baada ya miaka miwili saratani za makundi yote mawili zilikuwa zimesogea sawasawa. Mwalimu wa sayansi kimu kusoma hayo inauma, jamani. Nyama nayo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama ya kusindikwa mwaka 2015 katika kundi la visababishi vya saratani na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoshukiwa sana, ila ushahidi wao mzito ulikuwa wa utumbo mpana. Kwa tezi dume walitaja dalili tu. Kwa hiyo nyama choma sijaifuta nyumbani, ila ile iliyoungua ikawa nyeusi naikata na kuitupa.

Mtu asiruke hapa akasema basi chakula si kitu. Wajapani waliohamia Hawaii na California walikutwa na saratani hii kwa wingi kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Damu ni ileile, kilichobadilika ni maisha. Ni kweli Marekani wanapima zaidi, na anayepima zaidi huona zaidi, lakini tofauti ile haikuisha kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo namna ya kuishi ina mkono wake humu. Kigumu ni kuuchukua mkono huo na kuuweka juu ya chakula kimoja, nyanya au maziwa au ugali, ukasema ni wewe.

Kilichobaki kimesimama baada ya mengine kuyumba ni kitambi. Unene uliozidi huenda sambamba na ile saratani kali, iliyoendelea, ile inayoua. Tena kuna jambo aliloniambia daktari nikaona ni hila ya ugonjwa: mtu mnene ana damu nyingi zaidi mwilini, kwa hiyo PSA yake huchanganyika ndani ya damu nyingi na kusoma chini kuliko ilivyo. Anaambiwa uko salama, kumbe maji yamezidi kwenye mchuzi. Na sigara niliyosema nitairudia: wavutaji wanaopata saratani hii hufa nayo zaidi kuliko wasiovuta, lakini walioacha miaka kumi au zaidi nyuma hukaribiana na ambao hawajawahi kuvuta. Baba Rehema alipelekwa upande huo na mtoto wa darasa la pili.

Wifi alikaa kwetu wiki kadhaa, na ubaridi wa lile swali ukaisha taratibu, kazi za nyumbani zinapatanisha. Siku moja tulikuwa kibarazani tunachambua mchele wa Ifakara, ungo mmoja yeye, mmoja mimi. Anazungumza tu, macho kwenye mchele, anatupa kokoto pembeni. Akasema, "Kaka ana bahati, yeye anatembea. Baba alikufa na mpira wa mkojo."

Nikauliza baba yupi.

"Baba. Alizibwa mkojo, akawekewa mpira, akakaa nao mpaka kufa. Na kaka yetu mkubwa naye ulianza mgongo. Mgongo, mgongo, miguu ikafa. Si ndiyo tukasema karogwa na wale wa shambani."

Nimeolewa katika ukoo ule miaka mingi. Baba mkwe niliambiwa alikufa kwa uzee. Shemeji niliambiwa mgongo, nami nikapika msibani. Kipimo hakikufanywa kwa yeyote kati yao, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ilikuwa saratani. Lakini saratani ya tezi dume ikitoka nyumbani kwake hupenda kwenda kwenye mifupa, na uti wa mgongo ni mahali pake pa kwanza kwanza, na mzee wa kiume anayeumwa mgongo hadi miguu kufa ni mtu wa kuulizwa habari ya tezi dume. Nilipolipeleka hilo kliniki, daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa amemuuliza mume wangu siku ya kwanza kama kuna mtu kwenye familia mwenye ugonjwa huu, naye alijibu hapana. Hakuwa anadanganya. Mambo ya chini ya kitovu, baba hamwambii mtoto wala kaka hamwambii mdogo wake.

Hili ndilo jibu la swali la wifi, na amelileta mwenyewe kwenye ungo. Mwanamume ambaye baba yake au kaka yake ameugua saratani hii, hatari yake huwa kama mara mbili ya wengine, na wakiwa wameugua wawili hupanda zaidi. Utafiti wa mapacha wa Denmaki, Finlandi, Norwe na Uswidi uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya saratani hii inatokana na urithi, asilimia 57, kiwango kikubwa kuliko saratani nyingi. Na sisi watu weusi tuna mzigo wa ziada. Uingereza wanahesabu kwamba mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne ataipata maishani mwake, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane.

Nikamwambia wifi kuna jeni inaitwa BRCA2. Ikiharibika, katika ukoo mmoja wanaume huweza kupata saratani ya tezi dume na wanawake wakapata ya matiti. Sikumwambia kumtisha wala kulipiza. Ukoo wao haujapimwa jeni hiyo, na si kila ukoo wenye wagonjwa inakuwa yenyewe. Lakini yeye ana binti wanne. Aliacha kuchambua mchele. Wiki iliyofuata Rehema alimpeleka kupima matiti, yakawa salama.

Matibabu yalikuwa mionzi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road na sindano kila miezi mitatu ya kuzima homoni ya kiume. Saratani hii hula homoni hiyo. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiikata, ugonjwa hurudi nyuma, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Sindano inafanya kazi. Lakini aliyewahi kuishi na mwanamume anayechomwa anajua kwamba inachukua malipo yake.

Lilianza joto. Usiku anaamka ameloa, anatupa shuka, anafungua dirisha na mbu wanaingia. Mimi yalishanipita hayo miaka ile ya kukoma hedhi, wakati yeye yuko barabarani na ananiambia kwenye simu kwamba Morogoro kuna joto kila mwaka. Safari hii nilimletea kipepeo cha ukili nikamwambia karibu chamani. Tulicheka mpaka wifi akagonga ukuta. Kisha yakaja yasiyochekesha. Misuli ya mapaja ikapungua, kitambi kikaongezeka ingawa anakula kidogo, sukari ikaanza kupanda, na daktari akasema mifupa nayo hudhoofika. Ndoo ya maji aliyokuwa anaibeba kwa mkono mmoja ikawa ya kusaidiwa.

Hapo sayansi kimu ikarudi kazini. Chakula ambacho hakikuweza kumkinga kina kazi kubwa kwa mtu anayechomwa sindano hizi, na wengi wa wenye saratani hii huondolewa na moyo kuliko saratani yenyewe. Soda imetoka nyumbani. Ugali umebaki, wa dona, lakini nampimia mimi. Dagaa nawapika wazima, kichwa na mifupa, kwa sababu madini ya chokaa yamo mle, na Baba Rehema ambaye zamani alikuwa anang'oa vichwa vyote na kuvipanga ukingoni mwa sahani, sasa anatafuna. Maharage, mayai, samaki, ili misuli ipate cha kujengea. Matembele na kisamvu hujaza nusu ya sahani, kwa ajili ya moyo na sukari. Chumvi nimeipunguza na malalamiko nimeyazoea.

Mazoezi yalikuwa vita kuliko chakula. Dereva haoni sababu ya kutembea kwenda mahali ambapo hana mzigo wa kushusha. Daktari alimwambia kwamba katika wagonjwa waliofuatiliwa Marekani, waliofanya mazoezi ya nguvu saa tatu au zaidi kwa wiki walikufa kwa ugonjwa huu kwa uchache sana kuliko wasiofikisha hata saa moja. Mimi najua anayeweza kukimbia pengine alikuwa na nafuu tangu mwanzo, lakini sikumkumbusha hilo. Sasa anatoka asubuhi kuelekea upande wa Milima ya Uluguru, mwendo wa haraka, kiasi kwamba ukimsalimia anakujibu kwa kukata pumzi. Jioni anashika madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, anakaa kwenye kigoda na kusimama, anakaa na kusimama, huku anasikiliza taarifa ya habari. Wajukuu wanamhesabia na wanamwibia.

Kinachonichosha ni pale stendi Msamvu. Kuna wanaouza unga kwenye makopo ya plastiki, mbegu za maboga, mbegu za parachichi, tangawizi, na spika inatangaza kuanzia alfajiri kwamba tezi dume inayeyuka. Mbegu za maboga ni chakula kizuri, nimezifundisha, zina zinki na mafuta mazuri. Na mzee mwenye uvimbe wa kawaida anaweza kutumia akaona mkojo umefunguka kidogo, hasa kwa kuwa dalili za uvimbe ule hupanda na kushuka zenyewe hata usipotumia kitu. Anatoa ushuhuda, na anayemsikiliza mwenye saratani pembeni mwa tezi, asiye na dalili yoyote, ananunua kopo na kwenda nyumbani akiwa ametulia. Sisi tunapenda habari za chakula kwa sababu chakula hakikutaki uvue suruali wala utoe damu. Unaweza kula mbegu za maboga miaka kumi bila kuambiwa jibu usilolitaka.

Nina watoto wa kiume wawili, mmoja 41, mwingine 37. Baba yao ameugua kabla ya miaka 65, babu na baba mkubwa wana kisa kile cha mpira na mgongo, kwa hiyo kusubiri hamsini haiwahusu. Daktari alisema mkubwa aanze sasa na mdogo akifika arobaini. Mkubwa akanipigia akiwa na furaha: "Mama, mimi nimeshaanza mbegu za maboga." Nikamuuliza na damu? Akaniambia mtandao unasumbua.

Nikampa baba yake simu. Kuna mambo mama hawezi kumwambia mtoto wa kiume, kwa mfano kwamba kabla ya PSA inafaa kukaa siku mbili bila tendo la ndoa na bila kuendesha baiskeli, kwa sababu vyote hupandisha kipimo, na kwamba kama mkojo unamchoma atibiwe kwanza. Baba Rehema ni mtu wa lori, hajui kuongea taratibu kwenye simu. "Siku mbili, mkeo mwache apumzike! Na hiyo baiskeli yako iache! Umenisikia?" Upande wa pili kimya. Kisha ikasikika sauti ya mkwe wangu, mke wa mwanangu: "Baba shikamoo. Tumesikia wote, simu iko kwenye spika."

Alipima. Ikasoma chini ya 1, na akaambiwa arudi mwakani. Mdogo wake bado yuko kwenye mbegu za maboga.